Nyanya ni tunda au ni mama wa baba? Tagi zinapovuka kutoka tovuti moja hadi nyingine

Niliahidi kuandika kuhusu tagi, na leo nalipa deni. Makala yenyewe ni marefu kidogo, kwa hivyo kama uko kazini na bosi yuko karibu, hifadhi ukurasa huu usome jioni ukiwa na chai yako.

Tagi ni nini? Ni lile neno fupi unalobandika kwenye picha, kiungo au makala ili ukitafute baadaye ukipate. Wengine husema lebo. Mimi nitasema tagi kwa sababu ndivyo tunavyosema sisi tunaoandika programu, na sijawahi kumsikia mtu akisema "nimeilebo picha yako". Tofauti ya tagi na kabati la mkutubi ni kwamba hakuna anayekupa orodha ya kuchagua. Unaandika linalokujia kichwani. Picha ya mtumbwi unaweza kuiita "bahari", mwingine "Lamu", mwingine "likizo", na mwingine "siku tuliyochapwa na jua". Wote mko sahihi.

Historia kwa ufupi. Septemba 2003 Mmarekani Joshua Schachter alifungua tovuti ya del.icio.us, mahali pa kuweka alamisho zako na kuzipa tagi ili watu wengine pia wazione. Februari 2004 ikaja Flickr ya picha. Mwaka huo huo wa 2004 Thomas Vander Wal akabuni neno folksonomi, yaani uainishaji unaofanywa na umma wenyewe badala ya wataalamu. Yahoo ikanunua Flickr Machi 2005 na del.icio.us Desemba 2005, na ghafla kila tovuti mpya ilikuwa na wingu la tagi pembeni, maneno makubwa na madogo yamerundikwa kama nguo za mtumba.

Wengi wenu mliokuwa Nairobi miaka ile mtakumbuka kwa nini jambo hili lilitugusa sana sisi. Hatukuwa na kompyuta zetu. Tulikuwa na saiba, shilingi moja kwa dakika, na mashine uliyoitumia Jumatatu haikuwa uliyoipata Alhamisi. Alamisho ulizoziweka kwenye kivinjari cha saiba zilikuwa za saiba. Kwa hivyo tovuti iliyokuwekea viungo vyako kwenye seva ya mbali, na kukuruhusu kuvipanga kwa maneno yako mwenyewe, haikuwa mapambo. Ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yako. Mimi nilijifunza Python karibu yote kupitia viungo nilivyovipa tagi "soma-baadaye", na namshukuru Mungu kwamba vingine nilivisoma kweli.

Sasa tuingie kwenye shida.

Tagi za tovuti moja hukaa kwenye tovuti hiyo. Picha zako zina tagi zake kule, alamisho zina zake huku, mapishi ya dada yako yana zake pale. Neno ni lile lile, mtu ni yule yule, lakini tovuti hizi haziamkiani. Na siku tovuti ikifungwa au ikiuzwa, maneno yote uliyoyapanda miaka kumi yanaondoka nayo, au yanarudi kwako yakiwa yamechujwa hadi hayana maana. Delicious yenyewe iliuzwa mwaka 2011, ikabadilisha mikono tena, na mwaka 2017 ikanunuliwa na mmiliki wa Pinboard, mshindani wake mdogo, ambaye aliifunga ikawa ya kusoma tu.

Kwetu sisi shida hii ilikuja kwa sura ya albamu ya familia. Baba yangu ni mtu wa Malindi. Mwaka 2009 tulichanganua picha zote za zamani za ukoo, kuanzia za miaka ya 1950, tukaziweka kwenye tovuti moja ya picha ambayo sitaitaja jina. Kisha tukawaomba ndugu waweke tagi. Waliojibu zaidi walikuwa wawili: shangazi, dada mkubwa wa baba, na ami, mdogo wake. Shangazi alikuwa na miaka sabini na kitu. Alijifunza kutumia kompyuta ya saiba pale mjini kwa ajili ya kazi hii tu. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, tagi tatu au nne kwa picha: "harusi", "Mambrui", "nyanya", "kabla ya mvua kubwa". Hakuna mtu mwingine aliyezijua zile nyuso. Shangazi alifariki mwaka 2015.

Mwaka 2019 tovuti ile ikatuandikia barua pepe kwamba inafunga, na tuna siku 90 za kupakua vitu vyetu. Haya, nikabonyeza kitufe cha kupakua kila kitu. Nikapata faili kubwa la picha, na faili moja la CSV lenye safu tatu: jina la faili, kichwa, na tagi. Tagi zote za picha moja zilikuwa zimekusanywa kwenye mstari mmoja, zimetenganishwa kwa koma.

Picha ya 214 ilisomeka hivi: nyanya, nyanya-mdogo, harusi, Mambrui.

Ukiangalia haraka utasema data yote ipo. Haipo. Kwenye picha ile kuna mwanamke mmoja tu. Shangazi alisema ni nyanya, yaani mama yao. Ami alisema si yeye, ni mdogo wake. Walibishana kwa tagi, kila mmoja akaongeza neno lake na kumwachia mwenziwe la kwake, kama watu wenye adabu. Kwenye tovuti uliweza kuona nani kasema nini. Kwenye faili la CSV maneno yote mawili yamekuwa ya hakuna mtu. Na hapa kuna jambo ambalo kompyuta haiwezi kulijua: shangazi alikuwepo kwenye harusi ile. Ami alikuwa hajazaliwa. Tagi isiyo na mwenyewe ni kama ushahidi kortini bila shahidi.

Jambo hili wataalamu walishaliona zamani, na ndiyo maana nimeamua kuandika. Mwaka 2005 Tom Gruber (huyu baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Siri) alitoa hoja kwamba kama tunataka tovuti zibadilishane tagi, lazima kwanza tukubaliane tagi ni kitu gani hasa. Si neno. Ni tendo. Alisema tendo la kuweka tagi lina sehemu tano: kitu kinachowekewa tagi, neno lenyewe, mtu aliyeweka, chanzo au tovuti ambako tendo lilifanyika, na alama ya kukubali au kukataa. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, lakini tazama inavyotufaa: ami angeweza kusema "picha 214, nyanya, HAPANA" badala ya kuongeza neno la pili na kutuachia fumbo.

Mwaka huo huo wa 2005 Richard Newman na wenzake waliandika wazo la namna hiyo kwa lugha ya RDF, kwenye kile walichokiita ontolojia ya tagi. Usiogope neno ontolojia. Kwa wanafalsafa lina mambo mengi, kwetu sisi lina maana ya makubaliano yaliyoandikwa kuhusu vitu gani vipo na vinahusiana vipi. Na RDF usiiogope pia. Kama ulisoma sarufi sekondari tayari unaijua: kila taarifa ni sentensi yenye kiima, kiarifu na shamirisho. Shirika la W3C liliipitisha mwaka 1999. Kila kiima kinapewa anwani yake ya wavuti ili mtu wa tovuti nyingine akikitaja tujue ni kile kile.

Tagi ya shangazi ikiandikwa hivyo inakuwa hivi (nimeyatia majina ya Kiswahili, na anwani nimezifupisha):

tendo-77 — kitu — picha-214
tendo-77 — neno — "nyanya"
tendo-77 — mwekaji — shangazi
tendo-77 — chanzo — albamu-ya-zamani
tendo-77 — tarehe — 2010-08-19

Tendo la ami ni namba nyingine, na kila sentensi inasimama peke yake. Ukilihamishia tendo-77 kwenye tovuti nyingine, shangazi anahama nalo.

Basi nilifanya nini? Kwa bahati ile tovuti ilikuwa na API, mlango wa programu kuongea na programu, na mlango huo ulikuwa bado wazi. Huko kila tagi ilikuwa bado na jina la mtumiaji aliyeiweka. Nikaandika skripti fupi ya Python, nikaiacha ichote polepole usiku kwa usiku kwa sababu tovuti ilizuia maombi mengi kwa saa moja. Niliikagua kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kama mtu anayekagua mtego wa samaki. Siku ya 61 ilimaliza. Tarehe nazo nilizipata. Ukweli usemwe, waliotengeneza ile API walikuwa watu makini kuliko waliotengeneza kile kitufe cha kupakua.

Sasa tukaja kwenye kuunganisha, na hapo ndipo kicheko kilipoanza.

Dada yangu wa Mombasa ana tovuti yake ya mapishi, ina tagi. Binamu yangu aliyeko Muscat ana mkusanyiko wake wa picha za ukoo ule ule, upande uliohamia Omani, na yeye huweka tagi mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiarabu. Walipoona albamu imeokoka wote wawili wakataka tuunganishe: ukibofya tagi kwangu uone pia vya kwao. Wakaniuliza ugumu uko wapi, si maneno ni yale yale? Nikawajengea makusudi toleo la majaribio linalolinganisha maneno tu, herufi kwa herufi, nikawapa kiungo.

Dada akabofya "nyanya" kwenye kachumbari. Akapata marehemu nyanya wa Mambrui, amevaa buibui, katikati ya vitunguu. Akabofya "mbuzi" kwenye biriani ya mbuzi. Akapata nyanya tena, safari hii ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. (Kwa wasomaji wa bara: mbuzi pia ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno cha kukunia nazi.) Binamu naye hakupata kitu chochote cha maana, kwa sababu huko kwao nyanya ni "bibi", na mara nyingine "jadda". Tukamwongezea "bibi". Loo! Mjomba mmoja wa Nakuru, aliyekuwa amechangia picha za harusi yake, alikuwa ameweka tagi "bibi" kwa maana tunayoijua sisi wa bara, yaani mke. Mke wake akaorodheshwa pamoja na wazee wa Muscat. Hakufurahi hata kidogo, na familia nzima ilicheka kwenye WhatsApp siku tatu.

Kwa hivyo neno halitoshi. Maneno manne, nyanya, bibi, shosho na jadda, yanaweza kuwa na maana moja, na neno moja linaweza kuwa na maana tatu. Kiingereza kina shida hiyo pia, lakini nadhani Kiswahili kinaionyesha vizuri zaidi. Angalia "kaa": makaa yanayowaka, mnyama wa baharini, au kuketi. "Paa": la nyumba, mnyama wa porini, au kupaa angani. "Kanga" ni nguo na pia ni ndege. Halafu kuna ngeli. Programu nyingi za kutafuta zilizaliwa na Kiingereza, na zinajua kukata herufi za mwisho wa neno ili wingi na umoja vikutane. Sisi tunabadilisha mwanzo: mtoto, watoto, jicho, macho, ukuta, kuta. Programu inayokata mkia itafanya nini na neno linalobadilisha kichwa? Na "ua", likiwa la bustanini wingi wake ni maua, likiwa la kuzunguka nyumba wingi wake ni nyua. Hapo hata mtu mwenye shahada hujikuna kichwa.

Watafiti wa taasisi ya DERI kule Galway, Ayalandi, pamoja na wenzao wa Korea Kusini, walijaribu kulitatua hili kwa modeli iliyoitwa SCOT. Hiyo ililichukua wingu lote la tagi la mtu au la tovuti na kulieleza kwa RDF: tagi ipi imetumika mara ngapi, ipi hutokea pamoja na ipi, ipi ni umoja wa ipi, ipi ni tahajia nyingine ya ipi. Naipenda kwa sababu mbili. Kwanza haikulazimishi kufuta "watoto" ili ubaki na "mtoto". Inaweka tu sentensi ya kuziunganisha. Pili ile hesabu ya tagi zinazotokea pamoja inatatua mambo mengi bila kumuuliza mtu yeyote. "Nyanya" inayotembea na "kitunguu" na "pilipili" ni tunda. "Nyanya" inayotembea na "harusi" na "Mambrui" ni mama yetu. Nilipoendesha hesabu hiyo juu ya tagi zetu ilitenganisha nyanya wengi vizuri kabisa. Ilishindwa kwenye picha za jikoni, ambako nyanya alikuwa anakata nyanya.

Kwa hizo unahitaji maana iliyoandikwa. Mwaka 2008 Wafaransa Alexandre Passant na Philippe Laublet walipendekeza MOAT, kifupi cha "maana ya tagi". Wazo lake ni rahisi: neno moja linaweza kuwa na maana nyingi duniani, lakini katika tendo moja la kuweka tagi huwa na maana moja, na maana hiyo si neno jingine bali ni anwani ya wavuti. Wakati ule walielekeza anwani hizo kwenye DBpedia, mradi ulioanza 2007 wa kuigeuza Wikipedia kuwa data. Leo mimi ninatumia Wikidata, iliyoanza Oktoba 2012, kwa sababu kitu kimoja kina kitambulisho kimoja na majina ya lugha nyingi, Kiswahili na Kiarabu ikiwemo. Nikielekeza tagi ya nyanya na tagi ya jadda kwenye kitambulisho kimoja, binamu anaona picha zangu na mimi naona zake, na hakuna aliyelazimika kubadilisha lugha yake. Hilo kwangu ndilo jambo zuri kupita yote katika mambo haya ya semantiki. Hatukukubaliana kuhusu neno, na hatukuhitaji.

Lakini hapa nilisita, na bado naona nilifanya vyema kusita. Shangazi hakuandika kwamba nyanya wa picha 214 ni bibi mzaa baba. Aliandika "nyanya". Mimi ndiye ninayesema alimaanisha hivyo. Nikiiingiza maana yangu ndani ya tendo-77, baada ya miaka ishirini mtu atasoma na kudhani shangazi mwenyewe aliisema. Kwa hivyo maana nimeiweka kama tendo jingine, lenye mwekaji wake (mimi) na tarehe yake (2020), linaloelekea kwenye tendo la shangazi. Ni sentensi zaidi, ndiyo. Diski ni rahisi siku hizi.

Kama unataka kufanya jambo kama hili leo, huna haja ya kuvumbua chochote. Tangu Februari 2017 W3C ina kiwango cha maelezo ya wavuti, na ndani yake tagi ni mojawapo ya sababu zinazotambuliwa za kuandika maelezo juu ya kitu: kuna lengo, kuna kilichosemwa, kuna aliyesema, kuna tarehe. Kwa majedwali ya maneno, lipi ni pana na lipi ni finyu, kuna SKOS, iliyopitishwa Agosti 2009. Ukiunganisha viwili hivi umepata karibu kila alichokuwa anakidai Gruber. Alama ya kukataa tu ndiyo nimelazimika kuiongeza mwenyewe.

Msomaji mwerevu atauliza: kama mawazo haya ni mazuri hivi, mbona hayakutawala? Mwaka 2005 Clay Shirky aliandika akipinga ontolojia, akisema kwa kifupi kwamba watu wa kawaida hawatakaa chini kukubaliana kuhusu jinsi ya kuipanga dunia, na kwamba nguvu ya tagi ni uvivu wake. Nakubaliana naye nusu. Mwambie shangazi, kwa kidole kile kimoja, achague maana kutoka orodha ya vitambulisho, na leo tusingekuwa na tagi hata moja yake. Flickr ilijaribu njia ya katikati Januari 2007 kwa kuruhusu tagi zenye muundo, jina la fungu, sifa na thamani. Wapenzi wa viumbe walizitumia kuandika jina la kisayansi la ndege au mdudu kwenye picha ili mradi wa Encyclopedia of Life uzichukue. Ilifanya kazi, lakini kwa watu wale wale wenye moyo wa kuandika Kilatini.

Sababu nyingine ni ya kibiashara. Juni 2009 kundi la kampuni na watafiti, Yahoo na DERI wakiwemo, lilitangaza Common Tag, muundo mmoja wa tagi zenye maana, zikielekezwa Freebase na DBpedia. Mwaka uliofuata Google ikainunua kampuni iliyokuwa na Freebase, na kufikia 2016 Freebase ikawa imefungwa, sehemu ya data yake ikahamia Wikidata. Kampuni haina haraka ya kukusaidia utoke na tagi zako mlangoni. Na wakati watafiti wakibishana kuhusu modeli, Agosti 2007 Chris Messina alipendekeza kwenye Twitter watu waweke alama ya reli mbele ya neno, basi. Hashitagi ikashinda dunia, ikiwa haina maana iliyoandikwa wala kitambulisho. Hata leo Mastodon, ambako seva hubadilishana ujumbe kwa kiwango cha ActivityPub cha 2018, hashitagi husafiri kama neno tu na kiungo cha kurudi ilikotoka. "Nyanya" ya seva moja na "nyanya" ya nyingine zitakutana vitunguu kwa buibui.

Ila nusu nyingine ya Shirky siikubali. Maana inaweza kungoja. Mwekaji hawezi kungoja. Ukihifadhi nani, lini, wapi, juu ya kitu gani, maana unaweza kuiongeza mwaka ujao au akaiongeza mjukuu wako. Usipohifadhi, hakuna modeli itakayoirudisha. OpenStreetMap hutunza hili vizuri: vijana wa Map Kibera walipoanza kuichora Kibera mwaka 2009, kila zahanati na kila choo waliyoiwekea tagi ilibaki na historia ya nani aliihariri na lini, na bado unaweza kuisoma.

Kuna upande wa hatari ambao lazima niuseme. Ili tovuti tatu zijue kwamba shangazi wa huku ndiye shangazi wa kule, unahitaji kumtambulisha mtu. Wale wa FOAF, mradi wa mwaka 2000 wa kueleza watu kwa RDF, walikuwa wakiibana anwani ya barua pepe kwa hesabu ya SHA1 na kuiweka wazi kama kitambulisho. Leo usifanye hivyo. Anayeikisia anwani yako anaihakiki kwa sekunde. Na tagi zikikutana zinasema mambo ambayo kila moja peke yake haikusema. Ndugu yetu mmoja alikuwa ameweka tagi ya jina la hospitali kwenye picha moja, na binamu aliweka tarehe kwenye nyingine. Kwa pamoja zilitangaza ugonjwa ambao familia ilikuwa imeuhifadhi. Aliomba tuzitoe, tukazitoe siku hiyo hiyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, lakini hata bila sheria, mtu akisema "tagi yangu isivuke", isivuke. Kwa hivyo kila tendo kwetu sasa lina sentensi moja zaidi: inaruhusiwa kufika wapi.

Zimebaki tagi 212 ambazo API ilizirudisha zikiwa na "mtumiaji aliyefutwa", kwa sababu wenyewe walikuwa wamefunga akaunti kabla ya ile barua pepe. Nimezipa mwekaji wa muda anayeitwa "ndugu-asiyejulikana", na nimezichapa kwenye karatasi, picha upande wa kushoto, maneno upande wa kulia. Ami atakuwa Malindi mwezi ujao. Ameomba herufi ziwe kubwa, na ameomba tusimpe picha ya 214 kwa sababu msimamo wake ni ule ule.